Karatasi Iliyokunjwa Mara Tatu

Nakuru, 14 Septemba 1970

Fundi wangu Gurdev,

Usishtuke sanduku likikufikia kabla ya barua hii. Ndani yake yumo mtoto wako. Ni ile bunduki uliyoiunda mwaka wa sitini na tatu kwa yule mkulima wa Solai, ile ambayo chuma chake ulikikata mwenyewe, ukamfukuza kila aliyekuja kuchungulia, nami nikiwemo. Mkulima alikwenda zake Afrika Kusini na bunduki ikabaki na ranchi. Anayeibeba sasa ni mdogo wangu Jairus. Ameajiriwa pale kuwafukuza nyati wanaovunja ua na kuumiza ng'ombe.

Nimekutumia chuma tu, pamoja na vibali vyote vya polisi. Mbao yake ya kitako nimebaki nayo. Mtambo wa kufyatulia umelika kabisa, ukiupumulia unaachia. Nilijaribu kuutengeneza, nikaona nitaharibu. Mtambo wa dukani nao haukubali kukaa kwenye chuma ulichokikata wewe, mpaka ubembelezwe na aliyekikata. Basi mbembeleze mtoto wako.

Karakana naiendesha vilivyo. Jiliwa yako ya kubania chuma ipo palepale, na hakuna anayekaa kwenye kigoda chako. Watu wananiita Kalasinga mweusi, nami naitika. Mama Truphosa anakusalimu, anauliza kama huko unapata unga. Jairus ameoa mwezi uliopita. Mkewe anaitwa Milka, mpole, sijui aliona nini kwa yule mpayukaji.

Msalimu binti yako Surinder. Mwambie Kiswahili chake asikiache baharini.

Mwanafunzi wako,
Alfayo


Small Heath, Birmingham, 2 Novemba 1970

Alfayo,

Sanduku limefika. Forodha walilikalia wiki tatu, mpaka msimamizi wa karakana alipokwenda mwenyewe na vibali mkononi. Nilipolifungua nilikijua chuma changu kwa kukishika tu. Ulikisafisha vizuri, ila ulitia mafuta mengi mno. Mimi sikukufundisha kukaanga bunduki.

Huku naamka gizani, nafanya kazi chini ya taa, narudi gizani. Katika mtaa wetu kila mlango una fundi wa bunduki, lakini kila mmoja ana kipande chake. Huyu ni wa mitutu, yule wa mbao, mwingine kazi yake tangu ujana ni kuchora maua kwenye chuma, basi. Niliwaambia kwamba Nakuru nilifanya yote mimi na kijana mmoja aitwaye Alfayo. Walicheka, kisha wakakishika chuma chetu, wakakipitisha mkono kwa mkono. Upande wa pili wa mtaa wamebomoa kila kitu wapitishe barabara, na vumbi linaingia hadi kwenye chai.

Mtambo mpya nimeupata. Nimeanza kuupiga tupa ukubaliane na chuma. Kewal, Msikh mwenzangu wa hapa, ananisaidia. Usinihimize.

Mwandiko huu ni wa Surinder. Mikono yangu ina mafuta, na tangu lini umeniona mimi ni karani? Nasema, yeye anaandika. Ana kazi katika ofisi ya kiwanda cha magari kule Washwood Heath, na Kiswahili chake hakijaanguka baharini.

Mwambie mama yako unga tunapata.

Gurdev Singh


Small Heath, Birmingham, 18 Januari 1971

Alfayo,

Chuma kimeondoka kwa ndege Ijumaa. Mtambo umekaa kama ulizaliwa pale. Nimeupiga kwa mkono, nimeugonga kwa nyundo ya mbao, hauachii mpaka kidole kiamue. Kazi iliyobaki ni yako, basi sikiliza vizuri.

Mtambo huu ni mnene kuliko ule wa kwanza. Nafasi iliyomo kwenye mbao haitautosha. Toa mbao kwa patasi, kidogo kidogo. Sikupi kipimo cha inchi, maana vyombo vya kupimia vya pale karakana nimekuja navyo huku. Chukua karatasi hii hii unayoisoma, usichukue nyingine. Ikunje mara tatu. Ipitishe kati ya chuma na mbao, kushoto, kulia, mbele na nyuma. Ikipita yote, acha. Isipopita, toa tena. Nimeipima hapa kwa vidole vyangu kwenye kipande cha mbao, na hicho ndicho kipimo.

Kwa nini nakusumbua? Kwa sababu mbao ni ile ya mvule tuliyokata pamoja, na unajua inavyokunywa maji. Mvua za Aprili zikija itavimba. Ikiubana mtambo, mtambo hautarudi mahali pake. Hapo mtu akifunga komeo la bunduki tu, risasi inatoka. Hakuna kidole kilichogusa, Alfayo, na risasi inatoka. Umenielewa?

Surinder anasema posta watagoma keshokutwa nchi nzima. Kesho asubuhi atapita na barua hii kabla ya kazi.

Gurdev Singh


Nakuru, 20 Februari 1971

Fundi wangu,

Sijui barua hii utaipata lini, maana redio inasema posta zenu bado zimefungwa. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu nina furaha na sina wa kumwambia anayejua maana yake.

Chuma kimefika na barua yako ilikitangulia. Nilifunga mlango nikafanya kazi siku mbili. Ile karatasi yako ya buluu niliikunja mara tatu kama ulivyosema, nikaipitisha. Kulia ilipita, mbele ikapita, nyuma ikapita. Kushoto ilinipa taabu kidogo, nikaivuta, nayo ikapita. Nilikuwa nimeshika patasi nitoe tena unyoya mmoja wa mbao, kisha nikakumbuka ulivyonikemea siku niliyochimba mbao ya Bwana wa Gilgil kupita kiasi. Nikasema, fundi amesema ikipita niache. Nikaacha.

Jairus aliijaribu kwenye machimbo, risasi kumi. Alirudi akiringa kama aliyeiunda yeye. Anasema mtambo ni laini lakini haukurupuki. Mama alimpikia kuku, mimi niliyefanya kazi nikapewa shingo.

Karatasi nimeitunza katika Biblia yangu.

Alfayo


Small Heath, Birmingham, 29 Machi 1971

Alfayo,

Barua yako imefika pamoja na nyingine nyingi zilizokuwa zimelala. Surinder amenisomea mara mbili. Vizuri. Shingo ya kuku inakutosha. Siku utakapounda bunduki nzima peke yako, kuanzia chuma, utadai paja.

Nimekaa nyumbani wiki kadhaa, mafua ya huku hayana adabu. Kewal anakuja jioni tunazungumza kazi.

Gurdev Singh

Kaka Alfayo, hapa ni mimi Surinder, Baba amesinzia kwenye kiti. Mvua zikianza, tafadhali ifungue tena ile bunduki uangalie, hasa ule upande wa kushoto. Ukitoa mbao zaidi kidogo haitadhuru. Sina sababu, ni wazo tu lililonijia.


Nakuru, 9 Mei 1971

Fundi wangu,

Jairus amekufa. Tumemzika Alhamisi nyumbani Vihiga.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa na Bethuel, mwenzake wa zamu, ambaye halali tangu siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Asubuhi ya tarehe pili nyati waliingia kwenye boma la ndama. Jairus alimpa Bethuel bunduki, akatangulia kufungua lango. Bethuel aliweka risasi, akafunga komeo. Anaapa kwamba kidole chake kilikuwa mbali, na mimi namwamini. Bunduki ililia yenyewe. Jairus alikuwa hatua sita mbele yake, amempa mgongo, anahangaika na mnyororo wa lango.

Mkaguzi wa bunduki alikuja kutoka Nairobi. Aliifungua mbele yangu. Mbao ilikuwa imeukumbatia mtambo upande wa kushoto, ukawa haurudi. Akaniuliza nani aliifunga. Nikasema ni mimi. Akaniuliza nilipima kwa nini. Nikasema kwa jicho.

Nimewaongopea, Fundi. Barua yako sikuwaonyesha. Wakiiona watamwandikia mkubwa wako wa kazi, watawaandikia polisi wa huko, na wewe umeanza maisha juzi tu katika nchi ya watu. Kwa nini wawili tuzame? Nitashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Niko nje kwa dhamana ya mchungaji.

Ulipokuja ule ujumbe wa Surinder nilicheka. Nilimwambia Jairus kwamba binti ya fundi naye amekuwa fundi. Alisema ataileta bunduki mwisho wa Aprili. Barabara ikakatika kwa matope, hakuja.

Mama hasemi nami. Jana nilimmiminia chai, akaiacha ikapoa mbele yangu, akaimwaga nje. Milka ana mimba ya miezi mitano.

Sikuombi unitetee. Naomba jambo moja tu, uniambie mimi peke yangu. Nilipima kama ulivyosema, au naamini nilipima kwa sababu siwezi kuishi na jibu jingine? Usiku najiona nikiivuta ile karatasi, kisha sijui tena kama ni kumbukumbu au ni ndoto. Niambie kama mkono wangu ulikosea. Ukisema ulikosea nitalibeba. Ukisema haukukosea, nitaweza kumtazama mama hata akinimwagia chai kichwani.

Alfayo


Small Heath, Birmingham, 26 Mei 1971

Alfayo mwanangu,

Surinder amesoma barua yako akashindwa katikati, Kewal akaja, lakini Kewal Kiswahili hajui. Nikangoja mpaka usiku Surinder aliponimalizia.

Nimemfahamu Jairus tangu akiwa mtoto wa shule, akija kuiba mabaki ya msasa karakana awashie vibiriti. Sina maneno ya kumpa Mama Truphosa. Mwambie Gurdev ameketi sakafuni siku tatu.

Ulilouliza nitalijibu, lakini sitalijibu kwa huruma. Huruma si kipimo. Nitumie ile karatasi. Ninacho bado kile kipande cha mbao nilichopimia hapa. Nitaikunja, nitaipitisha, na vidole vyangu vitaniambia. Kama nilikosea mimi, nitamwandikia hakimu kwa jina langu, kazi ipotee, potelea mbali. Kama nilipata, nitakuambia hivyo pia.

Itume kwa rejista.

Gurdev Singh


Nakuru, 10 Juni 1971

Fundi,

Karatasi hii hapa. Mikunjo ni ile ile niliyoikunja mimi. Kesi ni tarehe kumi na tisa Julai. Wakili niliyepewa ananishauri nikiri, maana nilishasema kwa kinywa changu kwamba sikupima.

Lakini nikipata neno lako kabla ya siku hiyo kwamba nilipima sawa, nitasimama nikane. Nakungoja wewe, simngoji wakili.

Alfayo


Small Heath, Birmingham, 2 Julai 1971

Alfayo,

Nimeishika karatasi. Nimeikunja kwenye mikunjo yake. Nimeipitisha kwenye mbao yangu mara tatu, na mara ya nne Kewal akaipitisha. Ni ile ile. Ni kipimo sahihi, na kama ingepita kushoto kwa mbao yako, mvua ya siku tisa isingeubana mtambo, hata ya siku thelathini.

Kwa hiyo haikupita. Ulichoka, au ulikuwa na haraka ya kumfurahisha mdogo wako, ukapima pande tatu na wa nne ukautazama kwa jicho, kama ulivyowaambia polisi. Polisi uliwaambia kweli. Mimi ndiye uliyeniandikia uongo, Februari, ukaurudia Mei.

Kukosa kila fundi hukosa. Hata mimi nimekosa, unajua. Lakini nilikufundisha miaka kumi na moja kwamba kazi ikikosea unaiweka mezani, unasema nimekosa, tunaitazama pamoja. Hukuiweka mezani. Ningekusamehe mbao. Uongo sijui niufanyeje.

Usiniite fundi wako.

Gurdev Singh


Nakuru, 20 Julai 1971

Bwana Gurdev,

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumatatu nilikiri. Hakimu amenipa mwaka mmoja na nusu. Askari mmoja, mtu wa kanisani kwetu, ameniruhusu kuandika hii.

Sasa najua. Afadhali kujua. Kabla ya kwenda mahakamani nilipiga magoti mbele ya mama nikamwambia, mama, ni mimi, sikupima. Milka alikuwepo. Mama alinyanyuka akaingia ndani.

Funguo za karakana nimezirudisha kwa mwenye nyumba. Tupa zako nimezifunga kwenye gunia la mafuta zisishike kutu. Mimi sitazigusa tena. Samahani kwa uongo, ambao hata sasa siukumbuki.

Alfayo


Small Heath, Birmingham, 13 Februari 1977

Kaka Alfayo,

Nakuandikia baada ya miaka karibu sita, na safari hii maneno ni yangu mwenyewe. Natumaini barua itakufikia kwa anuani ya kanisa la Vihiga. Baba alifariki tarehe nane Januari. Sukari ilimmaliza, kwanza macho, kisha miguu, kisha yote.

Nianze na macho. Baba alikuwa haoni tangu kabla sanduku lako halijafika. Aliona mwanga na vivuli tu. Karakana walimwacha aendelee na kazi kwa sababu vidole vyake vilijua kuliko macho ya wengine, na Kewal alikuwa akimsomea vipimo. Mtambo wako aliufanya kwa kugusa, na aliufanya vizuri. Hakutaka ujue. Kila barua aliyokutumia niliiandika mimi, na kila barua uliyotuma niliisoma mimi. Alijua yale tu niliyomsomea.

Ile barua ya Januari 1971 aliisema usiku, nami nikaiandika kwenye karatasi aliyokuja nayo kutoka karakana. Ilikuwa karatasi nyeupe, nene, ya kuchorea ramani za bunduki. Ndiyo aliyoikunja. Ndiyo aliyoipima kwenye mbao, ikiwa bado tupu, kisha akanipa niandike.

Asubuhi nilikwenda posta. Kila mtu alikuwa anakimbilia mgomo. Foleni ya kupima na kununua stempu ilitoka nje hadi barabara ya Coventry, nami basi la kazini lingeniacha. Dirisha la pili walikuwa wakiuza zile karatasi za buluu za ndege, zenye stempu tayari, hazina haja ya kupimwa. Nikanunua moja, nikasimama kwenye kaunta nikanakili barua yote, neno kwa neno. Sikuacha hata nukta. Niliandika "karatasi hii hii unayoisoma, usichukue nyingine," na mkono wangu haukusita. Nilikuwa nawaza basi. Nilidhani barua ni maneno.

Ile nyeupe ilibaki kwenye mkoba wangu.

Mlipoandikiana tena, ulisema "karatasi yako ya buluu." Nilikuwa namsomea Baba kwa sauti. Nikalifikia neno hilo, nikaliruka. Hapo hapo nilielewa. Karatasi ile ni nyembamba mno, ukiikunja mara tatu haifiki nusu ya nyeupe. Mvua zilikuwa bado. Ningekutumia simu ya maandishi, maneno matano tu yangetosha. Lakini ningetakiwa kumwambia Baba kwanza, naye alikuwa karudi kutoka hospitali wiki hiyo, wamemwambia macho hayarudi. Nikaongeza ule ujumbe wangu chini ya barua, kwamba ni wazo tu. Sikuwa na wazo, kaka. Nilikuwa na sababu nzima nikaificha.

Na ulipoirudisha karatasi Juni, bahasha niliifungua mimi. Niliikunja ile nyeupe kwenye mikunjo kama yako, nikamwekea Baba mkononi hiyo. Alipitisha kidole juu ya mistari ya kalamu. Kewal hakujua karatasi gani ilitumwa wapi, alipitisha tu alichopewa. Kisha Baba aliniandikisha ile barua ya Julai, akilia, nami nikaiandika yote. Ulipouliza kama mkono wako ulikosea, mkono uliokujibu ulikuwa wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilijiambia namkinga Baba, kwamba ameshapoteza nchi na macho, amebaki na jina lake la ufundi. Si kweli. Nilikuwa najikinga mimi, asijue aliyeua.

Siku tatu kabla hajafa aliacha Kipunjabi akaanza kusema Kiswahili, muuguzi akadhani anaweweseka. Alisema, "Yule kijana alikuwa na mkono mzuri kunishinda. Kwa nini aliniongopea?" Nilikuwa nimeketi pembeni. Hata hapo sikusema. Nilimpangusa uso.

Karatasi zote mbili zimo ndani ya bahasha hii. Zikunje mwenyewe. Sitaki unijibu jambo lolote zuri.

Surinder Kaur


Vihiga, 5 Juni 1977

Surinder,

Barua yako ilifika Machi. Nimeiweka hadi leo kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika matusi, na karatasi zikaisha.

Nilifungwa mwaka mmoja, nusu nikasamehewa. Nilirudi nyumbani nikawa mkulima. Bunduki sijaishika, na sasa serikali imepiga marufuku uwindaji, hata ningetaka hakuna kazi. Mama alikufa mwaka wa sabini na nne. Mpaka siku hiyo hakula chakula nilichokishika. Mahindi niliyovuna alikuwa akimpa Milka ayauze, anunue mengine. Alipokuwa anakata roho walimwita kila mtoto, mimi nikaambiwa nikae nje. Ningeipata barua yako angali hai, ningeisoma mlangoni kwake kwa sauti. Hilo sitakusamehe. Nimejaribu, halitoki.

Nilimpelekea Milka karatasi zote mbili. Mtoto wa Jairus, msichana, anakwenda shule sasa. Nilizikunja mara tatu mbele yake. Milka akashika moja mkono huu, nyingine mkono huu, akazibana kwa vidole. Akaniuliza ipi iliyomuua mume wake. Nikamwonyesha ya buluu. Akasema, "Nyembamba hivi?" Akaingia jikoni akarudi na chai, akanikabidhi kikombe, akasema nimmiminie na yeye. Nilimmiminia. Akanywa. Tangu sabini na moja hakuna mtu wa nyumba hii aliyekunywa chai yangu.

Sasa nikuambie la kwangu, maana nawe umeliweka lako mezani. Upande wa kushoto niliivuta. Karatasi inayovutwa haijapita, nilijua hilo, baba yako alinifundisha hilo mwaka wa kwanza. Patasi ilikuwa mkononi. Sikutoa ule unyoya wa mwisho kwa sababu niliogopa kukemewa na mtu aliye ng'ambo. Kwa hiyo usilichukue lote. Unyoya mmoja ni wangu, nami nitaendelea kuubeba.

Lakini nilipima. Miaka sita nimeamini kwamba mimi ni mtu asiyejua alichofanya kwa mikono yake. Nililala gerezani nikijihoji kama mwizi. Nilipima, pande nne, nikamwandikia ukweli, na yeye amekufa akiamini nilimwongopea. Mama amekufa, Jairus amekufa, hao siwezi kuwafikia. Yeye pia siwezi. Wewe uko karibu naye kuliko mimi.

Najua ninyi huwachoma wafu wenu. Mchungaji ameniambia kwamba majivu huwekwa mpaka yapelekwe mtoni. Kama bado mnayo nyumbani, nina ombi, na baada ya hilo usiniandikie tena. Subiri uwe peke yako. Kaa chini karibu nayo. Usitumie Kipunjabi wala Kiingereza, sema Kiswahili, maana mimi alinifundisha na kunikemea kwa Kiswahili, na hiyo lugha hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye huko isipokuwa wewe. Mwambie habari ya posta na ya basi. Mwambie ya buluu na ya nyeupe. Usiliruke neno lolote safari hii.

Kisha mwambie Alfayo alipima.

Alfayo, fundi